Kishusha volti cha mashuani: nitanunua kipi kwanza, kipi mwisho

Kishusha volti ni kile kibodi kinachoshusha volti za betri ya mashua, 12 au 24, hadi 5 za kuchajia simu. Manahodha wanaokuja kwangu Langoni, hapa Lamu, huuliza swali lile lile: "Fundi, hiki chatoa ampea ngapi?" Ampea huandikwa na kila mtu. Mimi huuliza kikipigwa shoti kitafanya nini, maana mashuani shoti haiko mbali: maji ya chumvi kwenye tundu la USB, au waya uliochubuka chini ya mbao.

Ndani ya kishusha volti mna swichi inayowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde, na koili inayolainisha mkondo. Kila swichi inapowaka, chipu hupima mkondo unaopita. Ukifika kikomo, swichi huzimwa papo hapo, zamu hiyo (yaani kuwaka na kuzimika mara moja) haimaliziki. Hadi hapo sawa. Shoti kamili ndiyo yenye taabu: volti za kutokea zikishuka karibu na sifuri, koili haipati nafasi ya kutua mzigo wake kabla ya zamu nyingine, na mkondo hupanda ngazi kwa ngazi. Chipu nzuri basi hupunguza kasi ya zamu, au huzima kabisa, ikapumzika kidogo, ikajaribu tena. Hii ya pili mimi huiita kwikwi, na ndiyo niipendayo, kwa kuwa shoti ikikaa saa nzima kifaa hakipati joto la kutisha.

Namba moja kwangu ni bodi yenye chipu ya TPS5430. Ina kwikwi, hutoa ampea 3, na hupokea hadi volti 36. Kuipata ndiyo kazi. Mara nyingi huagizwa.

Ya pili ni LM2596, ile bodi ya buluu iliyojaa kila duka. Haina kwikwi, ila hupunguza kasi kwenye shoti na hujizima ikipata joto kupita kiasi. Ya asili hustahimili volti 40. Bandia ni nyingi, kwa hiyo usiitegemee kwa ampea 3. Mimi huishia 2. Tena ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti: ipime kwa mita ya umeme hadi isome volti 5 kabla simu haijachomekwa, kisha idondoshee rangi ya kucha isisogee kwa mtikisiko wa mashine.

MP1584 naiweka ya tatu, ingawa ni ndogo kama ukucha na kwa betri ya 12 haina neno. Mwisho wake ni volti 28, na betri ya 24 ikichajiwa na sola huvuka hapo. Nahodha mmoja wa Matondoni alinibishia. Ilikufa asubuhi yake.

Chaja ya gari isiyo na jina ni ya mwisho. Hujui ndani mna nini. Na 7805, kile kishusha volti cha zamani kisicho na swichi, iko huko huko mwisho, wazee wa redio msinigombeze: ukishusha 12 hadi 5 kwa ampea 1, wati 7 zinageuka joto tupu.

Dukani omba kujaribu. Tia fyuzi upande wa betri, mita iweke kwenye tundu la ampea 10, kisha gusisha ncha zake pale umeme unapotokea. Hiyo ndiyo shoti. Namba zikirukaruka na kurudi chini, ni kwikwi. Zikitulia juu na chipu ikaanza kuchoma kidole, toa haraka.

Ila swichi yenyewe ikiungua ikagandana, hakuna kwikwi wala kikomo: volti 12 zote zaenda kwenye simu. Fyuzi huenda isiiokoe simu, lakini waya hautashika moto. Volti 5 kwa ampea 3 ni wati 15. Ukiongeza upotevu, betri ya 12 hutoa kama ampea 1.5. Fyuzi ya ampea 3 yatosha, ikae karibu kabisa na chanya ya betri.