Kundi la WhatsApp la wagonjwa: nimelitumia, nikahamia orodha ya matangazo

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Nilipohamishiwa kitengo hiki nilikuta kundi la WhatsApp la wagonjwa limeshaundwa, nikakabidhiwa uadmini. Baadaye tulihamia orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp hiyohiyo, na Facebook nayo tumeijaribu. Naandika kwa wahudumu wenzangu wanaotaka kuanza.

Kundi kwanza, maana ndilo kila mtu hukimbilia. Limechangamka: mgonjwa mpya akiuliza, wa zamani wanamjibu kabla hujashika simu. Shida ni kwamba wanajibizana hata yasiyolingana. Mmoja aliandika sukari yake ni 6, wenzake wakampongeza, mwingine akaona yake 110, akanipigia usiku: "Nesi, ndiyo nakufa?" Kumbe sukari ni ileile, mashine moja inasoma milimoli, nyingine miligramu. Hilo lilikwisha kwa kicheko. Lisilochekesha ni kwamba kila aliyemo anaona namba za wenzake, na jina la kundi limeshatangaza wanaumwa nini. Kwetu aliingia muuza majani ya kuchemsha. Kundini kimya, ila faraghani anawafuata wagonjwa mmoja mmoja kuwaambia waache insulini. Mama mmoja alifika kliniki sukari imepanda vibaya, sindano zake ziko nyumbani hazijaguswa. Weka sheria utakazo, admini haoni kinachoandikwa huko pembeni. Nyota mbili, na moja ni ya huo uchangamfu.

Orodha ya matangazo naipa nne. Ujumbe mmoja unakwenda kwa watu hadi 256, kila mtu anaupata kana kwamba ameandikiwa peke yake, na akijibu anakujibu wewe tu. Sharti lake moja: humfikia aliyehifadhi namba yako tu. Kwa hiyo siku ya kliniki, kabla sijamfunga mgonjwa mkanda wa presha, namwomba atoe simu aihifadhi namba yetu mbele yangu. Wengine huniandika "Nesi Sukari", nami sina neno.

Maandishi marefu hayasomwi, tusidanganyane. Ujumbe wa sauti usiofika dakika moja ndio unaosikilizwa, hata na wazee wasiojua kusoma, na alama ya maikrofoni ikigeuka bluu najua umechezwa, hata kwa waliozima tiki za bluu. Uliorudiwa sana ni wa sukari kushuka: ukitetemeka na kutoka jasho, pima, ikiwa chini ya 4, au chini ya 70 kwa mashine ya miligramu, kunywa nusu glasi ya juisi au kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Vipimo vyote viwili navitaja kila mara, kwa sababu ya yule wa 110.

Jina, majibu ya vipimo na dawa ya mtu havitumwi kabisa. Simu nyingi zina wenyewe zaidi ya mmoja, na ujumbe wa baba unaweza kufunguliwa na mtoto anayetafuta gemu.

Faida nisiyoitarajia ni ya kukanusha uvumi. Wagonjwa wananiletea klipu zenye ile mishale miwili ya kusambazwa mara nyingi, "Nesi, hii kweli?" Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unasambazwa kwa soga moja tu kwa wakati, lakini bado unafika. Namjibu kwa sauti, naye analipeleka jibu langu kwenye kundi la ukoo lililomletea. Huko mimi nisingeingia kamwe.

Facebook tumeiachia tarehe za kliniki tu. Kila tulipoweka somo, watu walimwaga majina ya dawa zao kwenye maoni, mbele ya dunia nzima.

Jambo la kupanga mapema ni usiku. Toleo la WhatsApp Business lina jibu la kujiendesha. Letu linasema namba hii si ya dharura, mgonjwa aliyezidiwa apelekwe hospitali sasa hivi. Bila hilo, mtu atakuandikia kwamba mzazi wake amezimia, kisha akae akingoja tiki.

Kwa wenye simu za vitufe tumebaki na SMS. Herufi 160 zinatosha tarehe, na "njoo na mashine yako ya sukari".