Duka la asali la nyuma ya soko la Majengo, Dodoma: asali yao ina karatasi ya msitu ilikotoka

Kama unatafuta asali Dodoma na umechoka kubahatisha, nenda kwenye duka dogo lililo nyuma ya soko la Majengo, lile lenye mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mlango. Halina bango, lakini ukiwauliza wauza viungo wa pale sokoni watakuonyesha. Mimi ni mteja wao wa muda mrefu. Nina kibanda cha chai upande wa Sabasaba, na chai yangu ya tangawizi naitia asali, siyo sukari. Asali mbaya kwangu ni hasara ya siku nzima: mteja anaonja, anaacha kikombe katikati, harudi tena. Halafu nimezaliwa Itigi, mkoani Singida. Baba alikuwa mrina asali, nimelamba masega kabla sijajua kusoma, kwa hiyo nikisema duka hili ni zuri sisemi kwa kusimuliwa.

Kinacholitofautisha ni karatasi. Kila ndoo imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa mzee mwenye duka: asali imetoka wapi, imerinwa mwezi gani, kwenye mzinga wa aina gani. "Itigi, Mei, sanduku." "Kusini ya Manyoni, Juni, gogo." "Kondoa, Juni, sanduku." Basi, hakuna maneno ya kutibu magonjwa arobaini. Sijaona duka jingine la asali hapa mjini linalofanya hivyo.

Nianze na ya Itigi, nisije nikaonekana napendelea kwetu nikiiweka mwisho. Rangi yake ni nyepesi kama chai ya rangi isiyokolea. Inateleza, haikwaruzi koo, na harufu ya maua inabaki mdomoni utamu ukishaisha. Nyuki wake wanalisha kwenye vichaka vya Itigi, yaani ule msitu mfupi uliosongamana, wa mita tatu mpaka tano, ambao mtu mzima anaupita kwa kuinama. Vichaka vya namna hii havipo kwingi duniani: viko kwetu katikati ya Tanzania na kipande kingine kaskazini mwa Zambia. Kichaka kikiwa kizima hakiungui kirahisi, maana kivuli chake ni kizito na chini hakuna nyasi za kushika moto. Shida inaanza kikifyekwa. Mtu anafungua shamba, mwingine anachimba tanuri la mkaa, jua linapenya, nyasi zinaota pembeni, na kiangazi kinachofuata moto umeshapata njia. Mwaka huu unakula ukingo, mwakani unaingia ndani zaidi. Sehemu kubwa imeshakwenda. Baba alikuwa akienda kwenye mizinga yake kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kaka zangu leo wanakwenda kwa pikipiki na wanalala hukohuko.

Ya kusini ya Manyoni ni habari nyingine kabisa. Ni asali ya misitu ya miombo, ya maua ya miti ya mitundu na miyombo: imekolea, nzito, ina ukali fulani unaokuja nyuma ya utamu. Kwa chai ya tangawizi hakuna inayoishinda, kwa sababu tangawizi haiwezi kuimeza ladha yake. Hii ndiyo ninayonunua zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na moshi.

Kiangazi kilichopita nilikuwa dukani kijana mmoja alipoleta ndoo mbili kutoka huko. Mzee alifungua kifuniko, akainama akanusa, halafu akachovya kijiti. Kilipotoka kilikuwa na vipunje vyeusi vya majivu, na kipande cha sega kilichoungua ukingoni kimening'inia.

"Kijana, hii umerina kwa mwenge."

"Babu, nyuki walikuwa wakali."

"Mwenge wenyewe uliuzimia wapi?"

Kijana akatazama chini.

"Siichukui. Nenda kwa wenzako wa kikundi wakuazime bomba la moshi. Msimu ujao niletee, nitanunua yote."

Nilimwonea huruma, ndoo mbili ni ada ya mtoto shuleni. Lakini nilimheshimu mzee kuliko siku zote, kwa sababu ndoo ile angeweza kuichanganya na nyingine na mnunuzi wa kawaida asingejua. Mwenge wa nyasi ukiangushwa chini ya mti mwezi Septemba hauishii pale. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hutambaa chini na mara nyingi huzimika wenyewe usiku ukiingia na baridi. Ndiyo maana watu wa misitu huchoma mapema kwa mpango, wakipunguza nyasi kabla hazijakauka. Wa Septemba na Oktoba ni moto kichaa. Unaua miche, unapanda mpaka kwenye matawi, na unakuta miti mingi ya miombo ndiyo inachipua na kuchanua, maana miti hii haisubiri mvua inyeshe ndipo itoe maua. Moto mmoja wa wakati huo unamaliza maua ambayo nyuki walikuwa wakiyategemea wapate nguvu.

Wengine wanadhani mwaka wa mvua nyingi ni mwaka wa usalama. Mvua ikiwa nyingi nyasi zinarefuka kupita kichwa cha mtu, halafu kiangazi kikiwa kirefu zinageuka kuni tupu kuanzia kijiji mpaka kijiji. Siku hizi joto limeongezeka na mvua za kwanza zinachelewa, kwa hiyo ule muda ambao cheche moja inatosha umekuwa mrefu kuliko tulivyouzoea utotoni. Moto ulioanza Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020 uliwaka zaidi ya wiki, na ule ni mlima wenye barafu na wenye askari wa hifadhi. Huku kwetu kijiji kina matawi ya miti ya kupigia moto, na mikono ya watu.

Kilichonifanya nilipende duka hili moja kwa moja ni mwaka 2022. Mvua zilikuwa haba, na ulipofika wakati wa mzigo mpya mlangoni kulibandikwa karatasi: "Asali ya Itigi hakuna. Nyuki wamehama." Ndivyo inavyokuwa. Nyuki hawachoti nekta peke yake, wanachota na maji, kwa kupozea mzinga wakati wa joto na kwa kuandaa chakula cha watoto wao. Maua yakikosekana na madimbwi yakikauka, kundi lote linaondoka na malkia wake, na unakuta mzinga una nta kavu na wadudu nondo. Baba alikuwa akiweka karai la maji chini ya mizinga, na vijiti juu yake ili nyuki watue wasizame. Hilo linasaidia mizinga ya karibu. Iliyo mbali msituni nani ataipelekea maji?

Mwaka huohuo asali ilijaa tele barabarani, chupa kwa chupa, kwa bei ya kutupa. Maua hayapo, nyuki wamehama, asali imetoka wapi? Ni sukari iliyochemshwa na rangi. Mzee yeye aliuza nta na mafuta ya alizeti mpaka msimu mwingine, akalipa pango la duka kwa tabu. Mtu aliyekubali kukosa pesa asinidanganye, namrudia.

Watu wa mjini wanaona hadithi za nyuki kuhama ni za wafugaji nyuki. Dar es Salaam, Oktoba 2022, waliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua. Sisi Dodoma maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Kina cha maji ya chini kule kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vinaonyesha jambo ambalo kila mwenye bomba Dodoma angepaswa kulijua: maji yale hayaongezeki kila mwaka. Yanaongezeka katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, halafu tunayachota miaka yote ya katikati. Na sasa tunayachota wengi: sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, wakati ile ya 2012 ilikuta 410,956. Mvua kubwa ikija inabidi ardhi iinywe. Ardhi yenye miti na majani yaliyooza inakunywa. Iliyoungua na kukanyagwa inaiacha ipite juu na udongo wake.

Na ile asali nyeusi ya kusini ya Manyoni? Misitu ile iko upande wa mto Kizigo, Kizigo inaingia bwawa la Mtera, na maji ya Mtera ndiyo yanayokwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Kijana wa kijijini ambaye mti wake una mzinga hakati huo mti kuchomea mkaa. Gunia la mkaa analiuza mara moja, mzinga unampa kila msimu mvua ikikubali. Kwa hiyo ninapolipa shilingi 15,000 kwa lita, wakati barabarani ni 8,000, silalamiki hata kidogo.

Ya Kondoa niipitie haraka, kwa sababu huwa inaisha kabla sijaizoea. Ni nyepesi, ina uchachu mdogo mtamu, nzuri kwa mkate kuliko kwa chai. Inatoka kwenye vile vilima vilivyokuwa vimebaki mifupa mitupu ya makorongo, mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979. Kuondoa ng'ombe wa watu lilikuwa jambo chungu, wazee wa kule bado wanalizungumza kwa uchungu. Lakini miti ilirudi, na leo nyuki wa vilima vile wana maua.

Kasoro zipo, na mzee nimeshamwambia zote. Vifuniko vya chupa za nusu lita havikazi vizuri. Chupa ikilala kwenye mfuko, asali yote iko kwenye unga. Duka linafungwa bila taarifa, hasa mzee akienda kupokea mzigo Manyoni, na kijana anayebaki wakati mwingine hajui asali ya ndoo gani ni ya wapi. Kubwa kuliko zote ni pipa la mwisho kulia, ambalo halina karatasi. Ni masalio ya ndoo mbalimbali yaliyomiminwa pamoja, na yanauzwa kwa bei ileile. Nilipomuuliza alisema, "Mama, yote ni asali safi." Naamini ni safi, lakini aliyetuzoesha kujua msitu asitupe pipa lisilo na msitu kwa bei ya lenye msitu. Aipunguze bei au aandike "mchanganyiko". Kwa hilo nampa nyota nne badala ya tano.

Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza: asali kuganda siyo dalili ya sukari. Julai hii usiku wa Dodoma una baridi na ndoo ya Itigi imeganda nusu. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi, usiichemshe. Kile kipimo cha kuwasha kiberiti kilichochovywa kwenye asali, na cha kudondosha tone kwenye glasi ya maji, vyote havikuhakikishii kitu. Inayotoa povu na kunukia pombe imerinwa kabla masega hayajafunikwa, ina maji mengi, iache. Inayonuka moshi, uliza.

Nenda asubuhi, jioni foleni ya akina mama wa maandazi ni ndefu. Msalimie mzee "Mbukwa" kwanza, usianze na bei. Beba ndoo yako yenye kifuniko cha kukaza ukitaka zaidi ya lita tano, anakupunguzia. Na umwambie akufungulie ndoo unuse kabla hujalipa, hajawahi kukataa.