Uzoefu wangu na Tippmann 98 Custom, bunduki ya peintiboli kwa anayeanza

Ndugu zangu wanaoanza kucheza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi zinazorushwa na bunduki za gesi, huku Marekani huniuliza wanunue bunduki gani. Jibu langu ni Tippmann 98 Custom, ila pesa ya kwanza iende kwenye barakoa. Risasi ya rangi huweza kutoka mtutuni kwa kasi ya futi 300 kwa sekunde, karibu mita 91, na kasi hiyo inatosha kumpofusha mtu. Tafuta barakoa ya peintiboli yenyewe, inayofunika macho, masikio na mdomo. Miwani ya fundi wa kuchomelea haifai. Chukua yenye kioo cha tabaka mbili. Cha tabaka moja hushika ukungu upesi, na asiyeona ndiye anayeshawishika kuivua mchezo ukiendelea. Kioo hicho ni cha plastiki, kwa hiyo kifute kwa maji na kitambaa laini, si kwa dawa za dirisha zenye amonia.

Bunduki yenyewe naipenda kwa sababu haina makuu. Mwili wake ni wa alumini, haihitaji betri, inakula risasi za kalibari 0.68, yaani kipenyo cha inchi 0.68, zinazopatikana kila uwanja, na ukiwa na spana za L unaifungua mwenyewe mezani. Kwa kijana mdogo ni nzito kidogo. Kabla ya mchezo natia matone machache ya mafuta ya bunduki za hewa pale mtungi wa gesi unapofungwa, nafunga mtungi, kisha nafyatua mara kadhaa bila risasi. Gesi yenyewe huyasambaza ndani. Mafuta ya kupuliza ya gereji yaache huko huko, huharibu oringi, zile pete za mpira zinazozuia gesi kuvuja. Na ukisikia gesi inavuja shingoni mwa mtungi, anza na oringi ya hapo. Ni ya bei ya chini, na mara nyingi utaikuta imechanika.

Mtungi ndio unaonitia hofu kuliko bunduki. Ukiufungua kutoka kwenye bunduki, hakikisha unaozunguka ni mtungi pamoja na valvu yake. Valvu ikibaki kwenye bunduki na mtungi ukaachana nayo, mtungi hufyatuka kwa nguvu ya kuua, na hapa Marekani watu wamekufa hivyo. Mimi nimechora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye valvu hadi kwenye mtungi. Mistari ikiachana, siugusi, naupeleka kwa fundi. Ukinunua uliotumika, soma tarehe iliyogongwa juu yake, kwani mitungi mingi hupimwa upya kila miaka 5.

Kumaliza mchezo kuna utaratibu: ziba mtutu kwa mfuko wake, toa chombo cha risasi, nenda sehemu ya kujaribia bunduki, ondoa mfuko, elekeza mtutu chini ufyatue zilizobaki, rudisha mfuko, ndipo ufungue mtungi. Barakoa iwe usoni muda wote huo. Risasi zilizosalia usiziache ndani ya gari. Ganda lake ni jelatini, hulainika kwa joto na kuvimba kwa unyevu, na iliyovimba hupasukia mtutuni.