Uzoefu wangu: kupata miongozo na mafunzo ya mitambo ya simu ukiwa fundi wa kujitegemea Mombasa

Fundi wa wakala huingia kwa mteja akiwa na akaunti ya mtengenezaji, faili za programu, na mtu wa kumpigia akikwama. Anayejitegemea huingia na begi lake na bando la intaneti. Nimetumia vyanzo vingi vya miongozo na mafunzo kwa kazi za kisiwani, Nyali, Changamwe na hoteli za Diani. Hapa naeleza vinavyofaa, vinavyokula pesa bure, na namna ya kuvitumia.

Kabla ya kufungua intaneti, fungua kifuniko. Ukitafuta "mwongozo wa PBX ya Panasonic", yaani mtambo wa simu wa ofisi, utaletewa mlima wa faili, na huenda hata moja isiwe ya mtambo ulio mbele yako. Piga picha kibandiko cha kabati, kisha cha kila kadi. Herufi za mwisho za namba ya modeli, kama BX, NE, CE au UK, huonyesha soko ambalo mtambo uliundiwa, na mipangilio ya awali ya laini na ya kitambulisho cha mpigaji hufuata soko hilo. Baada ya hapo tafuta toleo la femwea, yaani programu inayoendesha mtambo wenyewe. Miongozo ya familia ya KX-TDA ya Panasonic hutaja toleo la faili ya PMPR (programu kuu ya mtambo) inayohusika. Ukisoma mwongozo wa toleo jipya mbele ya mtambo wa toleo la zamani, utatafuta menyu ambayo haipo, na mwisho utamwambia mteja kadi imeungua.

Miongozo ya Panasonic naipa nyota nne kati ya tano. Kwa KX-TDA100 na 200 imegawanywa mara nne: Installation Manual ya kadi, pini na nyaya, Feature Guide ya huduma, PC Programming Manual ya kompyuta, na PT Programming Manual ya kupanga kwa simu yenyewe. Mafundi wengi hupakua ya kwanza na ya mwisho, basi. Mimi naona Feature Guide ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana ndiyo inayoeleza huduma moja inategemea nini. Chukua lalamiko la kawaida la ofisi: mchana simu zinaita mapokezi vizuri, usiku zinalia ekstensheni (simu ya ndani) isiyo na mtu. Hilo si ubovu. Kila laini ya nje ina mwelekeo wake wa mchana, wa usiku na wa saa ya chakula, na aliyepanga alijaza mchana tu. Ukurasa unaosema hivyo uko kwenye Feature Guide, wala hutaukuta kwenye mwongozo wa kufunga.

Kwa KX-TES824, mtambo mdogo ambao bado utakutana nao sana madukani na kwenye nyumba za wageni, mwongozo ni mzuri kwa sababu hatua ni fupi. Mtambo hutoka na laini 3 na ekstensheni 8, na kwa kadi hufika laini 8 na ekstensheni 24. Simu ya kupangia, mfano KX-T7730, ichomeke poti 01, ubonyeze PROGRAM, kisha *#, kisha nywila ya mfumo, ambayo kiwandani ni 1234. Ikikataa, kuna aliyeibadilisha. Na ikikubali baada ya mtambo kutumika miaka, mwambie mteja siku hiyohiyo kwamba mlango wake uko wazi. Linaloharibika zaidi ni nyaya: simu hizi za Panasonic zinataka nyaya nne, mbili za sauti na mbili za data. Fundi aliyezoea simu ya kawaida huunga mbili za katikati, skrini haiwaki, simu inatupwa kama mbovu. Mchoro wa pini uko kwenye sura ya kuunganisha ekstensheni. Chapa ukurasa huo ubaki ndani ya begi.

Programu ya kompyuta ni kisa kingine. Kwa mitambo ya zamani, dereva ya USB mara nyingi hugombana na Windows mpya. Njia ya uhakika ni waya wa RS-232C na kibadilishi cha USB chenye chipu ya FTDI, au Windows 7 ndani ya mashine pepe. Tena Panasonic imeshatangaza kuachana na biashara ya PBX, kwa hiyo chochote unachokihitaji kipakue sasa na ukihifadhi mara mbili. Kurasa za watengenezaji hufa kimyakimya. Anwani ikishakufa, ibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Faili nyingi za PDF hupatikana huko zikiwa nzima. ManualsLib nayo inafaa kwa kusoma haraka ukiwa kazini, ila hakikisha jalada lina modeli na toleo lako. Ukurasa unaokudai namba ya kadi ya benki, au unaokupa faili ya .exe mahali pa PDF, funga uondoke.

Avaya IP Office ni somo la aina yake. Sehemu kubwa ya miongozo inasomeka bila akaunti, imeandikwa kwa makini, na anwani ya kiwandani ya LAN1, 192.168.42.1, hukufikisha haraka kwa programu ya Manager. Lakini mwongozo bila leseni ni ramani ya nyumba usiyo na ufunguo wake. Kwa IP500 V2, kabati la IP Office, leseni zimefungwa kwenye kadi ya SD iliyo nyuma ya mtambo. Mteja akikuletea IP500 V2 ya mtumba, ulizia kadi kabla ya bei: ipo? Leseni zake ni za nini? Ni ya A-law, yaani mfumo wa kusimba sauti? Kadi ya A-law ndiyo inayotufaa Kenya. Iliyotoka Marekani huwa ya mu-law. Kupandisha toleo na kuongeza leseni hupitia mshirika aliyesajiliwa, kwa hiyo weka gharama ya mshirika ndani ya hesabu yako kabla hujamtajia mteja bei. Miongozo nyota nne, ufikiaji nyota mbili.

Mitambo ya HiPath na OpenScape za Siemens na Unify ina Experts Wiki, chanzo kizuri kwa maelezo ya jinsi simu za SIP (itifaki ya kupiga simu kupitia mtandao wa data) na huduma zinavyopangwa. Unify ilinunuliwa na Mitel mwaka 2023, basi usishangae viungo vikihama.

Nikija kwa watengenezaji walioacha mlango wazi, Grandstream ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Miongozo ya UCM6202, 6204 na 6208 hupakuliwa bila akaunti, na Grandstream Academy hufundisha mtandaoni. Ubora wa mwongozo wake unauona kwenye tatizo ambalo kila anayeunga laini ya shaba atalikuta: mpigaji amekata, ila poti ya FXO, yaani ile inayopokea laini ya kampuni ya simu, inabaki imeshika laini, na dakika chache baadaye laini zote nne za UCM6204 zinaonekana zina kazi. Sababu ni kwamba mtambo unasubiri dalili ya kukata, yaani kugeuka kwa chanya na hasi, kukatika kwa mkondo, au mlio wa laini kutumika, na mlio uliopangwa kiwandani haulingani na wa kampuni ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya laini za analogi, tafuta PSTN Detection. Ukiwa na laini mbili, chagua ugunduzi wa moja kwa moja, weka poti inayopiga, poti inayopokea na namba yake. Mtambo utajipigia na kujifunza mlio. Ukiwa na laini moja, tumia nusu otomatiki na ukate mwenyewe ukiambiwa. Kama kuna mwangwi, endesha na ACIM Detect, inayopima upinzani wa laini. Fanya hayo wakati ofisi imefungwa, maana laini hazitapokea simu kwa muda huo.

Yeastar wako karibu sana na hapo kwa ubora. Mfululizo wa S hufunguka kwa 192.168.5.150, poti 8088, na maelezo yao ya kuunga laini za SIP ni mafupi na yana picha. 3CX Academy, ya programu ya simu ya 3CX, ina video zilizopangwa kwa ngazi, lakini zinakufundisha 3CX, hazikufundishi simu. Aliyemaliza ngazi zote bado anaweza kushindwa kueleza kwa nini sauti inasikika upande mmoja.

Asterisk, programu huria inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, ina nyaraka za bure na hakuna leseni ya kuombea. Hatari yake ni masomo ya zamani. Mtandao umejaa mifano ya sip.conf, na chan_sip, moduli ya SIP inayosoma faili hiyo, iliondolewa kabisa kuanzia toleo la 21. Somo lolote linaloanza na faili hiyo liruke, tafuta linalotumia PJSIP, iliyochukua nafasi yake.

Chanzo ambacho mafundi wengi hawakigusi, na mimi nakipa nyota tano, ni viwango vyenyewe. RFC, yaani nyaraka za viwango vya intaneti, zote ni bure, na mapendekezo ya ITU-T (shirika la kimataifa la viwango vya simu) yanayotumika, kama G.711 na Q.931, hupakuliwa bure pia. Mfano mmoja unatosha: simu ya SIP inaunganishwa, watu wanaongea, halafu inakatika karibu sekunde 32, kila mara. Miongozo ya watengenezaji itakutuma ubadilishe waya, ruta, hata simu. RFC 3261 ya mwaka 2002 inakupa jibu: upande uliopokea ulituma 200 OK (ujumbe wa kukubali simu) na ukasubiri ACK (uthibitisho kwamba umefika) kwa muda wa T1 (kipimo cha muda cha SIP) mara 64, na T1 ni nusu sekunde. ACK haikufika. Fungua sngrep au Wireshark, programu za kutazama ujumbe wa mtandao, utaona 200 OK ikirudiwarudiwa. Mara nyingi kosa liko kwenye anwani ya ndani iliyoachwa kwenye kichwa cha Contact, au SIP ALG ya ruta inayochezea ujumbe. Zima ALG, weka anwani ya nje kwenye mipangilio ya NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje), ruhusu poti za RTP (zinazobeba sauti), na kwa Asterisk safu iliyozoeleka ni 10000 hadi 20000.

Mafunzo ya darasani hapa mjini yana pande mbili. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, kinafaa kwa msingi wa umeme na elektroniki, lakini ni masomo ya muda mrefu na hayakulengwa kwa mtambo wa kampuni moja. Kozi fupi za binafsi ndizo za kuchunguza. Niliyolipia mimi ilikuwa slaidi tupu na cheti kizuri. Kabla hujatoa hela uliza mitambo mingapi ipo na wanafunzi wangapi kwa kila mmoja, femwea ni toleo gani, na kama utaruhusiwa kuufuta mtambo wote na kuupanga upya kutoka sifuri. Wakisita kwenye la mwisho, ondoka.

Kwa pesa hiyohiyo jenga meza yako ya kujifunzia: kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4 kwa FreePBX (mtambo wa simu unaojengwa juu ya Asterisk), swichi ya poti 8, simu mbili za IP, simu mbili za analogi, adapta za Grandstream, yaani HT802 yenye poti mbili za FXS (za kuchomeka simu ya kawaida) na HT813 yenye FXS moja na FXO moja. Unga FXS ya HT802 kwenye FXO ya HT813 na utakuwa umepata laini ya kampuni ya simu bila bili. Hapo ndipo unajaribu ugunduzi wa mlio, kitambulisho cha mpigaji na kukata. Tarakimu za menyu zisipopokelewa, linganisha DTMF (milio ya tarakimu) pande zote mbili. Chagua RFC 4733 kokote unakoweza, kwa maana milio iliyopitishwa ndani ya sauti huharibika kwenye G.729, usimbaji unaobana sauti.

Pengo kubwa la miongozo yote hii ni hewa yetu. Hakuna inayokwambia chumvi ya Pwani inafanya nini kwenye moduli za Krone (vibao vya kuungia nyaya za simu) zilizofungwa ukutani karibu na bahari. Dalili ni mkwaruzo unaozidi asubuhi au baada ya mvua. Pima: laini iliyotulia iwe karibu volti 48 DC, na ukiinua simu ishuke hadi volti chache. Ikishuka chini bila simu kuinuliwa, kuna uvujaji. Tenganisha ncha zote mbili, toa kinga za radi, pima jozi kwa kipimo cha ohmu: itoe megaohmu, si kiloohmu. Kata sentimita mbili au tatu za waya ulioota kijani na upigilie upya kwa kifaa cha LSA-PLUS. Bisibisi usiitumie kamwe, itapanua meno ya moduli na nafasi hiyo haitashika tena. Wala usishike nyaya tupu simu ikiita. Umeme wa kuita hupita volti 70 AC.

Faili zangu nazitaja kwa modeli, herufi za soko, toleo, kisha aina ya mwongozo, na nakala moja iko kwenye flashi ndani ya begi, kwani vyumba vya mitambo vya hoteli nyingi viko chini ya ardhi, ambako bando halifiki.