Darubini ya milimita 114 aliyoniachia Prof: ni nzuri, ila usiamini boksi

Kwenye boksi wameandika "mara 675" kwa herufi kubwa kuliko jina la darubini yenyewe. Hesabu yao ni hii: umbali wa fokasi milimita 900, gawanya kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, unapata 225, zidisha kwa lenzi ya Barlow (lenzi ya nyongeza ya kukuza zaidi) ya mara tatu, ndiyo 675 hiyo. Lakini kioo cha milimita 114 hakibebi zaidi ya mara 230 hivi, tena usiku hewa imetulia kabisa. Ukifunga vyote walivyokupa, Mshtarii inageuka uji.

Darubini hii ilikuwa ya marehemu rafiki yangu, mwalimu wa fizikia hapa Lubumbashi, ambaye mtaa wetu wote wa Katuba ulimwita Prof. Aliiagiza Johannesburg, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa ndani ya lori la unga. Baada ya matanga mjane wake aliniita: "Shemeji, chukua hii kitu yenu, hapa itakula vumbi tu." Tangu hapo iko kwangu, na wanaoniuliza kama wanunue ya aina hii ni wengi, ndiyo maana naandika.

Shida yake kubwa ni stendi. Imetengenezwa kwa watu wanaoona Nyota ya Kaskazini, wanaelekeza mhimili wake huko ili ufuate mzunguko wa nyota, na mambo yanakwenda. Sisi tuko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo hatuioni kamwe. Ya upande wa kusini, Sigma Octantis, ni hafifu na inakaa chini kabisa, palepale penye moshi wa makaa na mabati ya jirani. Halafu ukiulaza mhimili kwa nyuzi zetu, chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi. Prof alipigana nayo kiangazi kizima, kisha akaivua, akampelekea seremala bomba lenyewe na mchoro wa sanduku la mbao, mtindo ule uliosambazwa na John Dobson kule San Francisco: juu-chini, kushoto-kulia, basi. Vipande vya kutelezea alivikata kwenye bidoni la njano la mafuta, akavipaka mshumaa. Unasukuma kwa kidole kimoja. Ukinunua leo, tafuta ya mtindo huo moja kwa moja.

Lenzi ya milimita 25 ndiyo yenye kazi. Inakuza mara 36 tu, na inatosha. Mwezi wa sita, umeme ukikatika na mtaa ukianza kulalamika, sisi tulikuwa tunashangilia: Omega Centauri, kile kishada kikubwa cha nyota, iko juu vizuri, na ukituliza jicho unaona punje za nyota pembezoni mwake. Mwezi wa saba kundi la nyota la Nge linapita karibu utosini. Mawingu ya Magellan, yaani galaksi mbili ndogo jirani zetu, usiyategemee. Yanapanda jioni mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, wakati mawingu ya mvua yamekwisha kukalia mji.

Kwa Zohali weka ya milimita 10. Ndani ya sanduku, kwa penseli, Prof aliandika: "2025, pete zitapotea." Kila miaka 15 hivi tunaziona kwa ubavu, na Machi 2025 dunia ilipita kwenye usawa wa pete hizo. Aliingoja sana. Hakufika. Niliitazama mwezi wa nane usiku mwingi pamoja na watoto wake: kitone na uzi mwembamba. "Sasa pete iko wapi?" wakaniuliza, nikawaeleza kama yeye angeeleza, ila yeye angechukua saa nzima.

Kwenye kijibomba cha fokasi kuna mistari miwili ya kalamu. Mwekundu ni wangu. Wa bluu ni wake, kwa sababu alikuwa anavua miwani. Imeachana milimita mbili tatu tu. Mtoto wake wa kati naye haoni mbali. Anaanzia kwenye wa bluu.

Onyo moja la kweli: ndani ya boksi kuna kikioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho ili kutazama jua. Joto linakipasua, na jicho linakwenda. Prof, ambaye alishikwa na mapenzi ya anga pale Lusaka jua lilipopatwa tarehe 21 Juni 2001, alikiponda kwa nyundo kizingitini mwa lupango, yaani ua wa nyumba, watoto wote wakitazama.

Kioo kikiwa na vumbi letu jekundu, usikisugue. Maji yaliyosafishwa yale ya betri, tone la sabuni ya vyombo, pamba ipite yenyewe. Hakikisha tu muuzaji hakupi asidi.

Naipa 7 kwa 10. Barlow bado iko kwenye plastiki yake. Anayeitaka aje aichukue bure.