Misimu mitatu na chungu cha kuyeyushia risasi: uzoefu wangu

Chungu hiki nimekaa nacho misimu mitatu ya kusi. Ni cha umeme, wati 500, kinabeba ratili 10, yaani kilo 4.5, za risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), na kinatolea chini. Unanyanyua mkono wa kando, ufito wa chuma uliosimama katikati unapanda, na risasi inashuka kwa kitundu cha chini moja kwa moja ndani ya kalibu. Niliagiza cha volti 240. Hilo nalisema mapema kwa sababu jamaa yangu aliletewa cha volti 120 kutoka Marekani, akakichomeka ukutani hivyo hivyo, na hakikufikisha hata robo saa. Ukiletewa cha huko, tafuta transfoma kwanza.

Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Mtwapa. Tunatoka nje ya mwamba, tunashusha jigi, yaani chambo bandia za risasi, za gramu 150 na 200 kwenye pima 40 hadi 50, tukitafuta kolekole na tewa. Mwamba ukishika jigi haurudishi. Siku mbaya naacha chini tano au sita, na za dukani bei yake inauma kiasi kwamba unaanza kuogopa kuifikisha jigi chini, na samaki yuko chini. Ndipo nikaanza kusubu zangu. Chungu kikijaa napata jigi 20 hivi za gramu 200, na bado inabaki kidogo.

Kabla ya hapo nilikuwa nayeyusha kwenye karai la chuma juu ya jiko la makaa na kuchota kwa upawa. Tatizo la upawa ni kwamba unachota kwa juu, na juu ndiko unakokaa utandu: ile ngozi ya kijivu inayojifanya juu ya risasi, kama malai kwenye maziwa. Unaingia nao kwenye kalibu, jigi inatoka na mashimo ubavuni, ukiitumbukiza inacheza kombo. Chungu cha kutolea chini kinakupa risasi ya chini, safi, inayong'aa kama kioo. Kwa faida hiyo peke yake, pesa yangu naiona imerudi.

Sasa malalamiko makubwa: kinavuja. Kila niliyemsikia mwenye chungu cha aina hii analia lilo hilo, na mimi kilianza mwezi wa pili. Tone, tone, tone, mpaka chini ya mdomo kunasimama kichuguu cha risasi. Nilidhani nimeuziwa kibovu. Nilipokifungua ndipo nikaelewa kwamba chungu hakina neno, uchafu ndio wenye kosa.

Mara ya kwanza dawa ni nyepesi. Kichwa cha ule ufito kina mfuo. Ukiwa na bisibisi ndefu, risasi ikiwa imeyeyuka sawasawa, ugeuze ufito nusu duara kwenda na kurudi mara tatu nne huku umeukandamiza. Chembe iliyokwama kwenye kiti chake, pale ncha inapoziba kitundu, inasagika au inatoka, na mvujo unakatika. Mimi nafanya hivyo kila ninapoanza kazi, hata kama hakuna tone.

Ikishindikana, kimwage chote, kipoe, uchomoe ufito uitazame ncha yake juani. Yangu ilikuwa na pete nyeusi upande mmoja, na upande wa pili chuma kinametameta. Maana yake ilikuwa inakaa kombo, inagusa ubavu mmoja tu. Nilikwenda duka la vipuri nikanunua ule uji wa mchanga laini ambao mafundi wa magari husagia vali za injini. Nikapaka ncha kiasi cha punje ya mchele, nikaurudisha ufito mahali pake na kuuzungusha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto, dakika kumi hivi. Mwanzo unasikia kwarukwaru mkononi, kisha sauti inalainika mpaka inanyamaza. Nikaosha, nikakausha, nikatazama tena: pete ya kijivu, upana mmoja, imezunguka kote. Kisha nikafunga chubwi la gramu 100 kwenye ule mkono wa chungu ili liukandamize ufito ninapouachia. Tangu siku hiyo, tone moja moja tu, na hilo ni kwenye risasi ya moto kupita kiasi.

Na moto hapa ni jambo la kulisema. Kirungu cha kurekebisha joto kina namba 1 mpaka 9, na namba hizo si digrii za kitu chochote. Nunua kipimajoto cha kuzamisha. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, mimi nafanyia kazi kati ya 360 na 380. Ikipita hapo utaona uso wake unageuka rangi, kwanza dhahabu, halafu zambarau. Ni rangi nzuri kutazama, lakini ni dalili kwamba risasi yako inaungua na kugeuka utandu mbele ya macho yako. Jigi zikitoka na mikunjo, usikimbilie kuongeza moto chunguni. Ipashe kalibu. Iweke juu ya ukingo wa chungu wakati risasi inayeyuka, ipake masizi ya mshumaa ndani, na zile mbili tatu za kwanza uzirudishe tu.

Mdomo wa chini huganda upepo ukiupiga, na Mtwapa upepo haukosi. Nimeuzungushia kipande cha bati. Siondoi upepo wote, la hasha, nakaa upande unakotoka ili moshi uende mbali nami. Mdomo ukiganda naupasha kwa tochi ndogo ya gesi, sekunde chache. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iachie risasi igande humo humo na usiguse kitu. Umeme ukirudi, subiri mpaka risasi iyeyuke yote, hata ile ya mdomoni. Mimi niliwahi kunyanyua mkono kwa nguvu kabla ya wakati, ufito ukapinda, nikalazimika kuagiza mwingine.

Jambo ambalo lingeniokolea risasi nyingi kama ningelijua mwanzo ni hili: usiyeyushie takataka ndani ya chungu. Nilichukua ndoo ya vile vipande vya kusawazishia magurudumu kwa fundi wa tairi, nikavimimina vyote. Siku hizi vingi si risasi. Kuna vya chuma, na kuna vya zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419. Chungu changu siku hiyo kilikuwa 430. Nilikoroga nikaona risasi inakuwa nzito, inashikana na kijiti, mpaka ikawa kama uji wa mtama ulioachwa jikoni. Haikutoka mdomoni hata tone. Kilo nne ziliharibika, na kukikwangua chungu ilikuwa kazi ya siku nzima.

Sasa uchafu wote naumalizia kwenye lile karai langu la zamani, juu ya makaa. Nasema karai la chuma, si sufuria ya alumini, maana alumini hulegea kwenye moto mkali na inaweza kuachia risasi yote miguuni mwako. Kila kipande nakijaribu kwa koleo la kukatia: risasi inabonyea, zinki inagoma. Vingine vina herufi Zn zimechapwa, hivyo naviweka kando. Joto likibaki chini ya 400, zinki iliyonipita inaelea bila kuyeyuka, pamoja na vibanio vya chuma, nami naiopoa. Nasafisha kwa kutia humo kipande cha mshumaa, nakoroga kwa kijiti kikavu, naengua utandu, kisha namimina mikate midogo midogo. Hiyo mikate safi ndiyo inayoingia chunguni, na ndiyo sababu ufito wangu haujahitaji kusagwa tena mwaka wa pili huu.

Maji ni adui mwingine. Nilikuwa nimepasha chungu, risasi imekwisha yeyuka, nikachukua chubwi kuukuu lililotoka chomboni nikalitia. Lilikuwa kavu kwa nje. Ndani ya tundu lake kulibaki maji ya chumvi, labda matone mawili. Maji yakizama chini ya risasi yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja. Ulitoka mlio kama wa bunduki, na risasi ikapaa. Nilikuwa na miwani, glavu za ngozi na shati la mikono mirefu, alhamdulillahi. Matone yaliganda kwenye kioo cha miwani, na mengine mpaka leo yako kwenye bati la paa la banda, yamebandika kama nyota. Tangu hapo risasi mpya inaingia chungu kikiwa baridi, au inakaa kwanza juu ya ukingo mpaka ipate moto.

Betri za magari usizikaribie kabisa. Zina asidi, zina antimoni na aseniki, na mvuke wake si wa kuchezea. Sisi wa karibu na Mombasa jambo hili si hadithi kwetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, na Phyllis Omido aliyeajiriwa hapo akagundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi. Alipigana mpaka kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Watoto wa kijiji kile hawakuhitaji kushika risasi kwa mikono. Vumbi liliwafuata nyumbani.

Kwa hiyo matunzo ya chungu kwangu yanakwenda pamoja na matunzo ya nyumba. Utandu ukikauka ni vumbi, na vumbi huingia mwilini bila kuonekana. Nautia kwenye mkebe wa mfuniko. Meza naifuta kwa kitambaa chenye maji baada ya kila kitu kupoa, sifagii kamwe. Chungu chenyewe nikikisugua ndani nakilowesha kwanza, kisha nakikausha juani siku mbili. Sili wala sinywi bandani, na watoto hawavuki kizingiti. Mke wangu aliliweka wazi tangu siku ya kwanza: "Baba watoto, hilo shati utalifua mwenyewe, huko huko bandani." Nalifua mwenyewe, na viatu vinabaki mlangoni.

Hewa ya chumvi ni mtihani wake. Mwaka wa kwanza nilikiacha kitupu mwezi mzima, nikakuta kutu ya rangi ya matofali ndani kote, na kutu hiyo ndiyo inayoshuka kwenye kiti cha ufito. Sasa naacha risasi ya vidole viwili chini. Inaufunika ule upande muhimu, na siku ya kazi inashika moto haraka. Mwaka wa pili kiligoma kupata joto. Fundi wa umeme alifungua kifuniko cha pembeni, akakuta miguso ya kidhibiti joto imeota ukijani. Alipiga msasa, akabadilisha waya mmoja kwa waya unaohimili moto, na hakikudai zaidi ya hapo. Hakikisha tu soketi yako ina waya wa ardhini unaofanya kazi.

Je, ningekinunua tena? Ndiyo, na ningechukua ukubwa huu huu. Cha ratili 20 kinatunza joto vizuri zaidi, lakini kinangoja muda mrefu kuyeyuka, na mtu mmoja mwenye kalibu moja hahitaji. Kwa anayeishi ghorofani asiye na ua wala banda, simshauri hata kwa bei ya bure. Nyota nne. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya ncha ya ufito: kitu cha bei hii kingekuja kimesagwa kikakaa sawa tangu kiwandani.

Leo kaskazi imetulia na bahari ni shwari, niko nje ya mwamba na jigi 18 kwenye ndoo. Chungu kiko bandani, kimefunikwa kwa sahani ya bati, vidole viwili vya risasi ndani yake.