Kozi ya Kifini ya "labda" na "hakika": uzoefu wangu baada ya kuimaliza

Wadau mliopo Finland na mnaojiandaa kuja huku, nimemaliza ile kozi ya mtandaoni inayofundisha namna ya kusema labda, huenda, nadhani, lazima na hakika kwa Kifini, wameiandaa kwa Kiingereza kwa ajili ya wanaoongea Kiingereza, jina sitaji maana nina ya kuwasema pia. Unalipa mara moja tu hakuna kukatwa kila mwezi, unapata video, mazoezi na karatasi za kuprinti. Mi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Tampere, Kifini changu cha kuungaunga ila kinaenda, na niliinunua kwa ajili ya kazini na kwa ajili ya YKI. Kwa asiyejua, YKI ndo mtihani wa lugha wa kitaifa, una ngazi 6, ukitaka uraia kwa njia hiyo wanakudai angalau ngazi ya 3, na kwenye kuongea na kuandika unatakiwa utoe maoni yako, sasa mtu ambaye kila sentensi yake ni ehkä ehkä ehkä (labda labda labda) anajulikana mapema sana.

Niseme ukweli, somo la varmaan na varmasti peke yake limenirudishia hela yangu. Yote mawili yametoka kwenye varma, yaani uhakika. Varmasti haina shida, ni hakika, bila shaka. Varmaan sasa, ukiitazama unaona kabisa uhakika umekaa humo ndani, lakini mtu akiisema anakwambia "itakuwa", "nadhani hivyo", basi. Kazini kwetu hii siyo sarufi ya darasani. Wakati wa kupokezana shifti mwenzako akisema "Se on varmaan ottanut lääkkeet" maana yake atakuwa ameshameza dawa zake, hajasema kwamba amemuona akimeza. Angesema varmasti hapo ndo angekuwa amejifunga. Katikati ya hayo maneno mawili kuna mzee kupewa dozi mara mbili au kuikosa kabisa, kwaiyo ukisikia varmaan unafungua kompyuta unaangalia kama imeandikwa, huondoki na neno la mdomo. (Na ndio, wanasema "se" kwa mtu, hata bibi wa watu wa miaka tisini, ndo Kifini cha kuongea hicho, hakuna aliyemvunjia mtu heshima.) Mwalimu wa kwenye video ameonyesha pia ukiambiwa "niin varmaan" kwa ile sauti ya kuvuta, hapo hukubaliwi, ni kama mtu anakwambia thubutu.

Kitu ambacho sikukipenda ni ile ngazi yao ya asilimia. Wamechora mstari, chini tuskin (sidhani kama), katikati ehkä, juu kidogo luultavasti na todennäköisesti (yaelekea, kuna uwezekano mkubwa), kileleni varmasti, na kila neno limepewa namba yake. Kwa anayeanza inasaidia kushika mpangilio sawa, ila watu hawaongei kwa asilimia bwana. Wenye asilimia ni Ilmatieteen laitos, wale wa hali ya hewa, wanaokuandikia sateen todennäköisyys, uwezekano wa mvua, na namba mbele. Mtu wa kawaida akichagua neno anaangalia anaongea na nani na anataka nini. Chukua kai. Kwenye mstari wao imekaa karibu na varmaan, lakini mtu akikuuliza "Sä kai tuut huomenna?" hajapima uwezekano wowote, anasema "si utakuja kesho?", anataka umwitikie. Na "ei kai!" ni mshtuko, usiniambie! Hizi utazisikia kila siku kwenye kahawa na kozi imezipitia juu juu tu kama basi la mwendokasi lisilosimama kituoni kwako.

Muda huo wakaupeleka wapi? Kwenye potentiaali. Hii ni namna ya kitenzi ambapo unachomeka -ne- katikati kuonyesha kwamba jambo huenda likawa, "sade jatkunee" mvua huenda ikaendelea, tulla inakuwa tullee, na olla inageuka kabisa inakuwa lienee. Ni nzuri kuijua, utaikuta kwenye vichwa vya habari na barua za kiofisi, ukisoma lienee usidhani wamekosea kuandika. Ila kuiongea? Sijasikia mtu Tampere anaagiza mkate kwa potentiaali. Ukiitumia kwa jirani atakuelewa, atakushangaa pia. Somo moja lingetosha, wao wameipa sura nzima na mazoezi mpaka unachoka roho.

Sasa niwaambie ambacho kozi haiwezi kukwambia kwa sababu haikututengenezea sisi. Sehemu nyingi wanazowahurumia wanafunzi wao, wewe mwenye Kiswahili unateleza tu. Wanaeleza kwa kirefu eti luulla siyo kufikiri, ni kufikiri jambo ambalo linaweza lisiwe hivyo, video nzima. Si ni kudhani tu? "Luulin, että se on kotona", nilidhani yupo nyumbani, na kumbe inafuata yenyewe. Wana kuulemma, unaisema ukiwa umesikia kwa watu hukuona mwenyewe, "pomo on kuulemma sairas", bosi nasikia anaumwa. Halafu muka, hii Kiingereza kinahangaika nayo kweli kweli wanazunguka mbuyu, wakati sisi tuna eti: "se oli muka sairas", eti alikuwa anaumwa, na kila aliyepo anajua alikuwa wapi. Näköjään ni inaonekana, kwa macho yako, umekuta koti lake halipo. Na ile -kohan ya kuning'iniza mwishoni, "onkohan se kotona?", ni ile sijui yetu ya kujiuliza, sijui yupo nyumbani? Ushauri wangu, ukisoma hii kozi weka daftari pembeni, tafsiri yao ya Kiingereza iache kama ilivyo, andika ya Kiswahili, nusu ya kazi imeisha.

Hata täytyy ni hivyohivyo. "Hänen täytyy olla kotona" inaweza kuwa ni lazima awe nyumbani, amri, au lazima atakuwa nyumbani, maana taa inawaka. Lazima yetu inabeba yote mawili, hakuna cha kukariri. Ukitaka kukataa ndo "hän ei voi olla kotona", hawezi kuwa nyumbani, gari halipo.

Pa kukomaa ni taitaa na saattaa, hapa kozi imefanya vizuri sana sina neno. Taitaa zamani zake ni kuwa na ujuzi wa kitu, lakini "taitaa sataa" haimaanishi mvua ina ujuzi, ni naona kama itanyesha. Na "taidan lähteä" ni ile unayosema ukiwa ugenini, mi nadhani niwaache, ya kistaarabu kabisa. Saattaa nayo ni kusindikiza mtu, na ni kuwezekana pia, kwaiyo "saatan sinut kotiin" nakusindikiza nyumbani, "saatan tulla" huenda nikaja. Tuskin mwangalie vizuri, "se tuskin tulee", sidhani kama atakuja, kitenzi hakina ukanushi wowote ila ujumbe ni kwamba usimpikie. Ninayoipenda kuliko zote ni "eiköhän se siitä". Ukiichambua utaona ei, hapana, na swali juu yake, lakini anayekwambia anakupa moyo, si itakuwa sawa tu. Wazee pale kazini wanaitumia wakikuona umechoka.

Malalamiko yangu makubwa ni sauti. Odio zote ni kirjakieli, Kifini cha vitabuni, "minä tulen varmaan", nadhani nitakuja, kimenyooka kama taarifa ya habari, wakati mtaani ni "mä varmaan tuun" na imeshapita kabla hujageuza sikio. Nikawaandikia kuuliza kama wataongeza odio za puhekieli, Kifini cha kuongea, wakanijibu kwa Kifini, kwa heshima kabisa: "Varmaan ensi keväänä", yaani nadhani majira ya kuchipua yajayo. Varmaan, hawakusema varmasti. Kwaiyo kama ni odio tu unayoitaka, usilipie sasa hivi.